Mlima na Watu Wake: Lugha ya Habari na Ujenzi wa Taswira ya Kilimanjaro

Utangulizi

Msafiri atokaye Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenda Moshi mjini hupita Boma Ng'ombe, kisha Kwa Sadala, katika Wilaya ya Hai. Kwa Sadala ni mahali pa soko. Hapo mikungu ya ndizi hushushwa, maharage na mahindi hupimwa, bei hubishaniwa, na wauzaji walio wengi ni wanawake. Upande wa kaskazini, ardhi inapoanza kuinuka, ziko Masama na Machame. Juu yake ni msitu. Na juu ya msitu, mawingu yakiondoka, ni Kibo. Mgeni apitaye hapo huielekeza kamera yake juu. Picha anayoipata si ya uongo, kwani mlima upo. Lakini soko halimo ndani yake, wala mgomba, wala mfereji wa maji, wala mtu.

Mhadhara huu unachunguza namna vyombo vya habari vinavyoujenga uhalisi wa mahali na wa watu wake, kwa kutumia mfano wa Kilimanjaro. Dhana ya uwakilishi, kama ilivyofafanuliwa na Stuart Hall na wenzake katika miaka ya 1990, husisitiza kwamba lugha na picha haziakisi tu ulimwengu jinsi kioo kinavyoakisi uso. Zinashiriki katika kuutengeneza ulimwengu huo akilini mwa msomaji. Dai hilo limekwisha kurudiwa mara nyingi katika vyumba vya semina, na kurudiwa huko kumelitoa makali. Linalohitajika ni kuonyesha kazi hiyo inafanyika wapi hasa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya ujenzi huo haifanywi kwa uongo. Hufanywa kwa mambo madogo ambayo mwanafunzi wa sarufi anaweza kuyanyoshea kidole: msimulizi amesimama wapi, nani amepewa jina, na nani amewekwa kuwa kiima cha kitenzi.

Picha kutoka kaskazini

Picha ya Kilimanjaro inayojulikana zaidi duniani ina tembo mbele, nyika kavu katikati, na kilele cheupe nyuma. Picha hiyo hupigwa Amboseli, nchini Kenya. Hakuna kosa lolote katika kupiga picha kutoka Amboseli, na pengine hakuna mahali pengine ambapo mlima huonekana mzima namna hiyo. Hata hivyo, upande wa kaskazini ndio upande mkavu, wenye watu wachache. Mvua nyingi huangukia miteremko ya kusini na kusini-mashariki, na huko ndiko kuliko na vihamba vilivyosongamana, ambamo migomba, mibuni, viazi vikuu na mifugo ya zizini vimeshikana katika shamba moja, vikinyweshwa na mifereji ambayo wenyeji huiita mifongo. Mifereji hiyo ilichimbwa na kutunzwa na koo kabla mzungu yeyote hajafika.

Picha ya Amboseli ikisambazwa katika kalenda, mabango na magazeti kwa miaka mingi, msomaji wa mbali hujifunza mambo mawili bila kuambiwa hata moja: kwamba mlima ni wa wanyama, na kwamba miguuni pake hapana mtu. Kuna hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, iliyotengenezwa kuwa filamu mwaka 1952, ambayo ililipeleka jina la mlima huu mahali ambapo hakuna jiografia iliyokuwa imelifikisha. Humo pia mlima ni mandhari ya kufia kwake mtu aliyetoka ng'ambo. Mwandishi wa fasihi ana ruhusa yake. Tatizo huanza pale mandhari ya fasihi inapokuwa taarifa.

"Baridi" ya mwaka 1848

Mgongano wa kwanza wa habari za Kilimanjaro katika vyombo vya kuchapishwa vya Ulaya unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake zimo sauti tatu, na moja kati ya hizo karibu haikusikiwa.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Rabai karibu na Mombasa chini ya jumuiya ya wamisionari ya Kiingereza, aliona weupe juu ya mlima. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani. Rebmann aliandika kwamba alifikiri ni wingu, na kwamba alipomwuliza kiongozi wake, huyo aliuita weupe ule "baridi" tu. Yeye mwenyewe akahitimisha kwamba ni theluji. Baadaye mwaka huohuo alifika Machame, yaani juu ya Kwa Sadala ya leo, na huko alipata habari kwamba wenyeji walikuwa na neno lao, Kibo. Walijua kwamba kitu hicho kikiwekwa motoni hugeuka maji. Ilisimuliwa pia kwamba mtawala mmoja wa zamani wa Machame aliwahi kuwatuma watu wapande wakakichunguze, na kwamba aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibika.

Taarifa ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849. Ilipingwa vikali na William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 Cooley alikana kuwapo kwa theluji karibu na ikweta na kumfanya Rebmann aonekane mtu aliyetawaliwa na njozi zake. Mjadala ulidumu zaidi ya miaka kumi. Karl Klaus von der Decken alifika mlimani mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, akarudi mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, na katika safari hiyo ya pili waliangukiwa na theluji. Mwaka 1864 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtunuku medali ya dhahabu.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa shahidi wa macho dhidi ya msomi wa kitini, na ni kweli kwamba Rebmann alitendewa isivyo haki. Lakini angalia nani anahesabiwa kuwa shahidi. Watu wa Machame walikuwa na jina la kitu, maelezo ya tabia yake, na masimulizi ya safari ya uchunguzi iliyokwenda vibaya. Kwa vigezo vyovyote hiyo ni maarifa. Katika mjadala wa London maarifa hayo yalipewa hadhi ya ngano, na swali likabaki kama Mzungu mmoja aliona vizuri au hakuona vizuri. Jibu nalo lilipatikana kwa Wazungu wengine wawili.

Neno "baridi" nalo lina lake la kusema. Rebmann aliandika kama kwamba kiongozi wake alikuwa na upungufu wa msamiati. Kiswahili cha leo kina neno "theluji", lenye asili ya Kiarabu, na "baridi" pia lina asili hiyohiyo. Mtu wa pwani wa karne ya 19 ambaye hajawahi kuigusa theluji angelitumia neno lipi lililo sahihi zaidi? Alikitaja kitu kwa athari yake kwa mwili. Rebmann alikitaja kwa kumbukumbu za kwao. Kila mmoja alisema alichokijua, ila mmoja wao ndiye aliyekuwa na mhariri.

Kitenzi "kugundua"

Kutoka kisa hicho limezaliwa tamko ambalo Mtanzania aliyesoma shule ya msingi amelikuta mahali fulani: kwamba Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro. Wengi wamelikosoa, na ukosoaji wao ni wa haki, lakini aghalabu umeelekezwa kwa wakoloni badala ya kuelekezwa kwa kitenzi.

Katika Kiswahili "gundua" hubeba maana mbili. Mtu hugundua kuwa amesahau ufunguo. Hapo kitenzi kinamaanisha kutambua jambo lililokuwa limefichika kwake yeye. Vilevile mtu hugundua dawa. Hapo kinamaanisha kuwa wa kwanza kukitambua kitu ambacho hakuna aliyekijua. Kwa maana ya kwanza, sentensi ya shuleni ni kweli tupu: Rebmann alitambua. Kwa maana ya pili ni uongo. Sentensi hudumu vitabuni kwa sababu ukweli wa maana ya kwanza huikinga ile ya pili. Kisha inapogeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, "mlima uligunduliwa mwaka 1848", hata Rebmann anatoweka, na unabaki mlima ambao kabla ya mwaka huo ulikuwa haujulikani na yeyote. Mhariri wa gazeti anaweza kuandika "Rebmann aliuona mlima mwaka 1848" kwa herufi zilezile chache, bila kupoteza habari yoyote.

Mwenye jina na asiye na jina

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo lilidumu rasmi hadi uhuru, pale Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge huko juu mnamo Desemba 1961 na kilele kikawa Uhuru. Ubadilishaji wa jina la kilele ulikuwa tendo la wazi, na kila mtu aliliona. Suala la majina ya watu limekuwa gumu zaidi.

Katika kitabu chake Meyer anamtaja Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu wakati wengine walipokuwa wameteremshwa. Tahajia ya leo pengine ingeandika Mwinyi Amani. Ndiye aliyelinda kambi, kupika na kungoja, katika baridi ambayo hakuizaliwa, huku Wazungu wawili wakijaribu mara kwa mara kufika juu. Jina lake limo katika chanzo kikuu chenyewe, kwa wino wa mpandaji mwenyewe. Hata hivyo, ni nadra sana jina hilo kuonekana katika makala za magazeti.

Jina linaloonekana ni lingine. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari ile, ilionekana haja ya kuwatambua Waafrika walioshiriki. Mzee mmoja wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, alitambulishwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa Meyer. Alienziwa, na alipofariki mwaka 1996 ilisemekana kuwa na umri wa miaka 120 na zaidi. Lauwo alikuwa mtu halisi, na hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba aliwaongoza wageni mlimani kwa muda mrefu wa maisha yake. Ila ushahidi unaomweka katika safari ya mwaka 1889 ni dhaifu, na umri uliotajwa ni mkubwa mno kuaminika kirahisi. Magazeti yaliyarudia madai hayo kwa sababu yaliziba pengo ambalo kila mtu aliliona aibu.

Hapa ndipo panapohitaji ujasiri wa kitaaluma. Kusahihisha uwakilishi uliopotoka nako ni kuwakilisha, na kunaweza kupotoka. Hadithi ya mahali pale ilimhitaji Mchaga mmoja, kiongozi, mwenye umri wa ajabu. Mpishi na mlinzi wa kambi kutoka Pangani, mtu wa pwani, hakufaa katika nafasi hiyo iliyokuwa imekwisha kuchongwa. Kwa hiyo yule aliyethibitika akabaki nje, na yule asiyethibitika akaingia. Aliyekosewa zaidi ni Amani, na aliyemkosea si Meyer.

Kuungua na kuunguza

Mwaka 1979 Tony Trew alichapisha uchambuzi ambao hadi leo hufundishwa. Alichukua habari za magazeti mawili ya London kuhusu polisi waliowaua Waafrika 11 mjini Salisbury, leo Harare, Juni 1975, akaonyesha jinsi tukio lilivyosogezwa siku baada ya siku: kwanza polisi ni watenda, kisha wanawekwa mwishoni mwa kauli ya kutendwa, kisha wanaondoka kabisa, na vurugu zenyewe zinakuwa ndizo zilizoua. Baada ya Trew, imezoeleka kuitazama kauli ya kutendwa kama mtuhumiwa mkuu.

Kwa Kiswahili uchambuzi huo hautoshi. Lugha hii ina njia nyingine, laini zaidi, ya kumwondoa mtenda. Zingatia jozi hizi: ungua na unguza, teketea na teketeza, pungua na punguza. Katika kila jozi kitenzi cha kwanza husimulia jambo kana kwamba limejitokea, na cha pili hudai mtenda. "Msitu uliunguzwa" humfanya msomaji aulize ni nani aliyeuunguza. "Msitu umeungua" haimfanyi aulize chochote. Ni habari iliyokamilika. Mwandishi wa habari anayeandika "maji ya mfongo yamepungua" hajamficha mtu, hata hivyo nafasi ya mtu haimo katika sentensi yake.

Jambo hili lina uzito wake katika mjadala wa barafu ya Kilimanjaro. Vipimo havina utata mkubwa. Barafu iliyokuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilikuwa imebaki 2.5 hivi mwaka 2000, na 1.76 mwaka 2011. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Bado ipo, ingawa imedhoofika sana. Picha ya kilele kinachopoteza weupe wake ilikuwa nembo ya ulimwengu mzima, hasa baada ya filamu ya Al Gore ya mwaka 2006. Wataalamu wengine, akina Georg Kaser na Thomas Mölg, walieleza kwamba kupungua huko kulianza mwishoni mwa karne ya 19 na kunahusiana sana na ukame wa hewa ya juu, si joto peke yake. Maelezo hayo hayapingi badiliko la tabianchi. Yanaonyesha njia zake. Habari fupi, hata hivyo, haina nafasi ya njia.

Mkulima wa Hai hasumbuliwi na nembo. Anasumbuliwa na maji. Na kuhusu maji, uchunguzi wa Andreas Hemp, uliochapishwa mwaka 2005, ulisema jambo ambalo halikupata vichwa vikubwa vya habari: kwamba mchango wa barafu katika maji ya miteremko ni mdogo, na kwamba kupotea kwa msitu wa juu kwa sababu ya moto ni hasara kubwa zaidi, kwa kuwa msitu huo hunasa ukungu na kuugeuza maji. Habari ya barafu husafiri hadi Ulaya na Marekani kwa sababu ina picha. Habari ya ukungu haina picha. Hivyo jambo linalogusa mfereji wa mtu wa Masama limekuwa tanbihi ya jambo linalogusa macho ya mtu wa mbali.

Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka mlimani kwa siku nyingi. Mamlaka ya hifadhi ilieleza mapema kwamba huenda ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Maelezo hayo yalikuwa na tahadhari, na hakuna sababu ya kuyaita ya hila. Angalia lakini sarufi yake ilivyoishi magazetini. Kwa mara moja, katika habari za mlima, mtenda alipatikana upesi, akawekwa mahali pa kiima, naye alikuwa mpagazi, katika wingi, bila jina. Wageni waliopikiwa walibaki kuwa wamiliki wa chakula tu, wamejificha nyuma ya kihusishi cha "-a". Linganisha na namna vitabu na magazeti yanavyozoea kusema kuhusu mashamba ya walowezi katika miteremko ya chini: "ardhi ilitwaliwa". Na nani? Sentensi hailazimiki kujibu. Palipo na mnyonge, mtenda hutajwa. Palipo na mwenye nguvu, kitenzi hujitosheleza. Sentensi moja ya namna hiyo haithibitishi lolote, na mwanafunzi asikimbilie kulaumu kwa mfano mmoja. Mia moja zikikusanywa na kuhesabiwa, hapo pana ushahidi.

Magazeti ya mlimani

Ingekuwa makosa kudhani kwamba watu wa Kilimanjaro wamekuwa wakisimuliwa tu. Gazeti la serikali Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea barua za wasomaji kutoka sehemu nyingi za Tanganyika. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933. Katika miaka ya 1950, chini ya Baraza la Wachaga na Mangi Mkuu Thomas Marealle, lilitoka gazeti la Komkya.

Komkya ni chombo muhimu kwa mada hii kwa sababu lilisaidia kujenga kitu kinachodhaniwa kuwa cha asili: Mchaga. Kabla ya ukoloni mtu wa mlimani alijitambulisha kwa uchifu wake, Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, na lahaja za pande mbili za mlima hutofautiana kiasi cha wasemaji wake kutoelewana kwa urahisi. Kuunganishwa kwa watu hao chini ya jina moja kulikuwa kazi ya utawala, misheni, kahawa na, si kwa uchache, karatasi iliyochapishwa. Lugha iliyotumika kumjenga Mchaga huyo mmoja ilikuwa, kwa sehemu kubwa, Kiswahili. Hakuna lahaja iliyokubalika kwa wote.

Mchaga wa gazeti la miaka ile alikuwa mwanamume, mwenye kihamba, mwenye kahawa, aliyesoma. Kahawa ilikuwa ya wanaume. Ndizi, maziwa na soko vilikuwa vya wanawake, na shughuli ambayo haikuingia katika vitabu vya chama haikuingia pia katika habari. Baadaye taswira hiyo ilipogeuka na kuwa mzaha wa nchi nzima, ule wa Mchaga mpenda fedha, mzaha wenyewe ulichukua sura ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam arudiye nyumbani Desemba. Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri kuteremsha mikungu miwili hadi sokoni, ambaye hesabu zake ndizo zilizosomesha watoto, hayumo hata katika mzaha.

Jina la mahali

Kwa Sadala, mahali mhadhara huu ulipoanzia, huandikwa kwa namna mbili. Wapo waandikao "Kwa Sadala", maneno mawili, na wapo waandikao "Kwasadala". Tahajia ya kwanza imehifadhi sarufi: kihusishi cha mahali na jina la mtu, sawa na mtu asemavyo "nakwenda kwa Juma". Ya pili imeliunganisha jina hadi mtu aliyemo ndani yake haonekani tena. Magazeti yameelekea kwenye ya pili, kwa sababu ni fupi na hukaa vizuri katika safu nyembamba. Sokoni wenyewe bado hutamka kwa pumzi mbili, na anayesikiliza husikia kwamba hapo palikuwa kwa mtu fulani.